“Self-contained” inapoleta mgogoro: dalili, vyanzo na marekebisho kwa loji, barua na mikataba ya Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Ipogolo hadi Tunduma neno hili halikosekani. Limechorwa kwenye mageti ya gesti, liko kwenye matangazo ya madalali wa Kihesa (Iringa) na Soweto (Mbeya), na kwenye vipeperushi vya kambi za Tungamalenga, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Mara nyingi linafanya kazi yake bila shida. Mtanzania akisoma “self-contained” anajua choo na bafu vimo ndani ya chumba, na Mzambia aliyevuka kutoka Nakonde anaelewa hivyo hivyo. Mgogoro huanza linapomfikia mtu aliyejifunzia Kiingereza chake mbali na hapa, au linapotolewa kwenye chumba likapachikwa kwenye barua ya kazi, mashine au mkataba.

Kabla ya kwenda kwenye dalili yoyote, fanya ukaguzi mmoja: angalia nomino iliyo karibu nalo. Neno lenyewe linasema tu kwamba kitu kimejitosheleza, kwamba kinachohitajika kimo humo humo. Ni kipi hicho kinachohitajika, nomino ndiyo inayoamua. Kwa chumba cha gesti hapa kwetu ni choo na bafu. Kwa nyumba ya kupanga Uingereza ni choo, bafu na jiko, na kwa kawaida mlango wake wa kuingilia. Kwa mtu ni tabia: mtulivu, asiyehitaji watu, asiyeonyesha yaliyo moyoni. Kwa mashine ni sehemu zote kuwa ndani ya bodi moja. Kwa maandishi ni kueleweka bila msomaji kufungua kitabu kingine. Karibu kila tatizo hapa chini limetokana na maana ya nomino moja kubebeshwa nyingine.

Dalili ya 1: Mgeni amefika na mfuko wa vyakula, anauliza jiko liko wapi

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, hasa kwa wageni wa kukaa wiki moja na kuendelea: mtafiti anayekuja Uyole, mnunuzi wa parachichi anayezunguka Rungwe na Njombe, au familia iliyokuja kupumzika Matema.

Chanzo kikuu ni tangazo lililoandika “self-contained” likaishia hapo. Mwingereza akiona neno hilo juu ya malazi anafikiria sehemu ambayo hashirikiani na mtu chochote, jiko likiwemo. Mnaijeria naye, kwa mazoea ya kwao, hutegemea chumba kimoja chenye choo na jiko dogo pembeni. Mkenya, Mzambia na Mmalawi hawatashtuka. Kwa hiyo usishangae tangazo lile lile kuwaridhisha wageni wa miaka mitano kisha likagombanisha watu wiki moja.

Chanzo cha pili ni kuongeza chumvi. Mtu ameandika “fully self-contained”, au amekiita chumba “apartment” au “flat” ili kipendeze. Maneno hayo yakikaa pamoja, jiko linakuwa limeahidiwa. Chumba kimoja chenye kitanda na choo ni “room”, hata kikiwa na zulia na televisheni ya inchi 55.

Chanzo cha tatu, kisichotokea sana, ni kuchanganya na “self-catering”. Hilo ni neno la malazi ambayo mgeni anajipikia: lazima kuwe na jiko, sufuria, vyombo na mahali pa kuhifadhi chakula. Kama hamna hivyo, lisionekane popote kwenye tangazo lenu.

Ukaguzi wa haraka: soma tangazo kama mtu asiyewahi kufika Tanzania, kisha utafute neno “kitchen”. Kama halimo kabisa, wala kwa kusema lipo wala kwa kusema halipo, hapo ndipo penye tatizo.

Marekebisho hayahitaji kufuta neno. Liache kwa ajili ya wateja wa nyumbani, lakini lifuatishe maelezo:

“Self-contained rooms: each room has its own toilet and shower inside. No kitchen. Breakfast from 7 a.m.”

Kwenye tovuti za kuwekea nafasi, neno linaloeleweka kwa wengi ni “en suite”, yaani bafu na choo unavyoviingia kutoka chumbani bila kupita koridoni. Tamka “on swit”. Liandike kwa herufi zake zote: “en suit” inaangukia kwenye suti ya kuvaa, na “on suite” haina maana.

Acha kujitetea hapo hapo iwapo mgeni amelipa kupitia tovuti na anadai fedha zake. Ugomvi wa kamusi mapokezini haujawahi kumrudisha mteja. Piga picha ya tangazo kama lilivyo sasa, usilihariri kwanza, kisha mwite meneja au mmiliki. Tangazo likibadilishwa baada ya malalamiko, hata kwa nia njema, linaonekana kama ushahidi uliofichwa.

Dalili ya 2: Choo kimo, lakini mgeni anasema amedanganywa

Hapa neno halina kosa la maana. Tatizo ni yale yaliyonyamaziwa nyuma yake.

Anza na maji ya moto. Mbeya, Makambako au Njombe mwezi wa Juni na Julai, mgeni huuliza maji ya moto kabla hajauliza bei. “Self-contained” haiahidi maji ya moto, ila mgeni wa mbali anayachukulia kama sehemu ya bafu. Andika hali halisi. Kama kuna hita: “hot shower”. Kama mhudumu analeta ndoo: “hot water in a bucket, morning and evening, on request”. Ndoo si aibu; wasafiri wengi wanaikubali vizuri wakiambiwa mapema. Wanachokasirikia ni kuijua saa tatu usiku wakiwa wameshavua nguo.

Kinachofuata ni mahali bafu lilipo. Nyumba nyingi za zamani zilizogeuzwa gesti zina chumba ambacho bafu lake liko ng’ambo ya koridoni, lakini ufunguo anao mgeni mmoja tu. Hilo si “en suite”. Liite “private bathroom outside the room”. Bafu la wote ni “shared bathroom”.

Halafu kuna aina ya choo. Cha kukaa na cha kuchuchumaa vyote vinahesabika, na mtu mwenye magoti mabovu anahitaji kujua kabla ya kusafiri. Cha kuchuchumaa ni “squat toilet”. Cha kukaa, “Western-style toilet”.

La mwisho linasahaulika sana: ukuta wa bafu uliojengwa baadaye ndani ya chumba, ukaishia nusu mita chini ya dari. Mvuke unatoka unalowesha neti na shuka, na kila sauti inasikika kitandani. Wenzi wanaosafiri pamoja wanaweza kuvumilia. Wafanyakazi wawili waliopangwa chumba kimoja hawatavumilia. Sentensi ya kuweka ni “The bathroom wall does not reach the ceiling.” Inaumiza kuiandika, najua, lakini inapunguza malalamiko kuliko picha yoyote nzuri. Dawa kamili ni kupandisha ukuta hadi darini na kuacha dirisha dogo la hewa upande wa nje.

Acha na uite mtaalamu kama mgeni anasema shawa ya umeme “inamtekenya” au inampiga. Usimwambie avae kandambili. Zima swichi kubwa ya hita hiyo, funga chumba, na umlete fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague waya wa ethi (waya wa ardhini). Hita isiyo na ethi inaua.

Dalili ya 3: Mhudumu anasema “We have self and public”, mgeni anakunja uso

Chanzo ni kimoja: vifupisho vya mapokezi vimepelekwa kwa mtu asiyevijua. “Self” peke yake kwa Kiingereza ni nafsi. “Public” ni hatari zaidi, kwa sababu “public room” ni chumba kinachoingiwa na yeyote. Mgeni wa kike anayesafiri peke yake akiambiwa kilichobaki ni “public”, atabeba begi lake. Na hili hutokea siku zile zile ambazo vyumba ni vya kutafuta, kama mwanzoni mwa Agosti wakati wa Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale.

“Masta” nayo ina mpaka wake. “Master bedroom” ni chumba kikubwa cha kulala katika nyumba ya familia, na anayekisikia gestini huenda akadhani mnampangisha chumba cha mwenye nyumba.

Bandika karatasi hii nyuma ya kaunta, wahudumu waizoee:

Self: “a room with its own toilet and shower”.
Public: “a room with a shared toilet and shower”.
Masta: “a larger room with its own bathroom”.

Dalili ya 4: Bango limechekwa, au mteja anauliza kama mnalaza watu kwenye makontena

Kosa linaloongoza ni “self container”. Masikio yetu yameizoea kontena, maana malori yanayozibeba yanapita barabara ya TANZAM mchana na usiku, na “contained” ikitamkwa haraka mwisho wake humezwa. Lakini “container” ni nomino, na siku hizi kuna loji za kweli zilizojengwa kwa makontena, kwa hiyo swali la mteja lina msingi.

Yanayofuata: “self contain” bila -ed, kisha “selfcontained” bila kistari, na kwa nadra “self-contented”, ambayo ni mtu aliyeridhika na nafsi yake.

Namna sahihi ni moja: self, kistari, contained. Kistari hakiondoki hata neno likija baada ya nomino. Hapa ndipo hata walimu hujikwaa, kwa sababu maneno kama “well-known” hupoteza kistari yakija mwishoni (“The lodge is well known”). Yenye “self-” hayafuati mkondo huo: “The rooms are self-contained”, kistari kipo. Wingi haushiki neno lenyewe bali nomino: “10 self-contained rooms”, na usiweke kistari baada ya tarakimu.

Kuna kosa jingine ambalo jicho haliligundui: “rooms with self-contained toilets”. Kisarufi limenyooka, lakini maana imehama. Choo kilicho “self-contained” ni kile kinachohifadhi uchafu wake chenyewe bila bomba la majitaka, kama vile vya kubebeka vya kwenye sherehe au vya kugeuza kinyesi kuwa mboji. Kivumishi kirudi kwenye chumba.

Mpe mchoraji wa bango karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa, kistari kikionekana. Usimsomee kwa simu. Akishapiga penseli ukutani na kabla hajafungua rangi, nenda usome herufi moja moja.

Dalili ya 5: Barua ya maombi ya kazi ina “I am a self-contained person”, na mwombaji haitwi

Mwombaji alikusudia kusema anajitegemea, hasukumwi. Mwajiri anasoma mtu anayejitenga, asiyehitaji wenzake. Si tusi. Kwa mlinzi wa usiku au mpima hali ya hewa inaweza hata kuwa sifa. Kwa kazi ya mapokezi, kuongoza watalii au kuuza pembejeo, inafunga mlango.

Tafuta ulichokusudia, kisha uchague. Unafanya kazi bila kusimamiwa kila saa: “I work well without close supervision.” Unajituma: “self-motivated”. Unajitegemea kimaisha: “self-reliant”. Bora zaidi ni kuacha sifa na kutaja kazi: “I ran the store alone for two harvest seasons” inamshawishi mwajiri kuliko vivumishi vitatu, ili mradi ni kweli.

Kama ni barua ya utambulisho uliyoandikiwa na mwalimu au bosi wa zamani, usiibadilishe mwenyewe. Mrudishie aliyeisaini, mweleze neno lilivyosomeka, naye aandike upya.

Dalili ya 6: Msimamizi wa utafiti amerudisha ikisiri (“abstract”), pembeni ameandika “must be self-contained”

Wanafunzi wa chuo cha Mkwawa na wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) hukutana na hili kila msimu wa kuwasilisha, na wengi hudhani wameambiwa waongeze urefu. Wanajaza kurasa mbili, inarudi tena.

Anachodai ni ikisiri inayosimama peke yake. Vyanzo vya kawaida, kwa mpangilio: kifupisho ambacho hakijafafanuliwa kwa sababu kilifafanuliwa Sura ya Kwanza, maneno kama “as shown in Table 3”, marejeo ya waandishi, na tatizo lililo gumu kuliona, yaani matokeo yasiyotajwa, msomaji anaambiwa tu kwamba “results are discussed”.

Ukaguzi ni wa dakika tano. Mpe mtu wa kozi nyingine ikisiri peke yake, bila jalada wala sura. Muulize: kilichunguzwa nini, wapi, kwa njia gani, kukapatikana nini? Akikwama kwenye swali, sentensi ya jibu hilo ndiyo inayokosekana. Kama utafiti ulihusu ugonjwa wa mahindi Mbozi, neno Mbozi, mwaka wa kukusanya data na kiwango kilichopatikana viwe humo. Maelezo chini ya mchoro nayo hudaiwa hivyo hivyo.

Dalili ya 7: Kifaa kimeandikwa “self-contained”, umeme umekatika nacho kimezimika

Wanunuzi wengi hudhani neno hili lina maana ya kifaa chenye umeme wake. Kwa friji na majokofu ya kuhifadhia maziwa au parachichi, linasema tu kwamba kompresa na kondensa vimo ndani ya kabati lile lile. Kinyume chake ni “remote”, ambapo sehemu hizo hukaa mbali na kabati. Umeme unahitajika kwa zote mbili.

Kama friji hiyo inawaka lakini haipozi vizuri, angalia kwanza nafasi ya nyuma na pembeni. Friji “self-contained” hutoa joto lake humo humo chumbani. Ikibanwa ukutani kwenye kastoo kasiko na dirisha, inapasha hewa ile ile inayohitaji kujipozea. Isogeze, safisha vumbi kwenye kondensa ikiwa imechomolewa, fungua njia ya hewa, ipe siku nzima. Isipobadilika, au ukiona mafuta kwenye mabomba, ni kazi ya fundi wa majokofu; usikate wala kufungua bomba la gesi.

Taa ya dharura ni tofauti kidogo: ikiwa “self-contained”, betri na chaja vimo ndani yake kweli. Isipowaka umeme ukikatika, chanzo cha kawaida ni kuunganishwa na swichi ya taa za kawaida, hivyo kila swichi ikizimwa, chaji nayo inakatika. Angalia kitaa kidogo cha chaji, bonyeza kitufe cha “test”. Kisha betri iliyochoka. Kubadilisha njia ya waya ni kazi ya fundi umeme.

Vifaa vya kupumulia vya zimamoto, ule mtungi wa mgongoni, vinabeba neno hili kwa maana hii hii: hewa imo humo, haivutwi kutoka nje. Hata herufi mbili za mwanzo za SCUBA, vifaa vya wapiga mbizi, ndizo hizo.

Dalili ya 8: Watalii wenye gari wanasema “We are self-contained”, mhudumu anawaonyesha vyumba

Hawaombi chumba. Wanasema gari lao lina choo, maji na tangi la majitaka, wanataka kiwanja tu. Kwa watu wa New Zealand jambo hili lina sheria: tangu mageuzi ya 2023, gari linalosajiliwa kwa jina hilo linatakiwa kuwa na choo kilichofungwa ndani yake. Uliza maswali mawili: wanahitaji maji ya kujaza, na majitaka watayamwaga wapi. “Where will you empty your waste tank?” La pili liulizwe kabla hawajaegesha.

Dalili ya 9: Mpangaji na mwenye nyumba wametofautiana juu ya neno lililo kwenye mkataba

Mkataba wa Kiingereza unasema “self-contained unit”. Mpangaji anadai mita yake ya LUKU na geti lake. Mwenye nyumba anasema aliahidi choo cha ndani. Neno halitaji mita wala geti, kwa hiyo kila mmoja atabaki na lake. Kabla ya kusaini, ongeza orodha ya vilivyomo: idadi ya vyumba, jiko, choo, mita ya umeme ni ya nani, maji yanalipwaje, mlango upi unashirikiwa.

Anayekwenda kusoma Uingereza ajue mambo yamegeuka. Huko “en-suite room” kwenye mabweni ni chumba chenye bafu lake, jiko mnashiriki na wenzako. “Self-contained studio” ina jiko lake, na kwa kawaida bei yake iko juu. Mtu aliyezoea chumba self cha Iringa akilipia ya pili akidhani ni ya kwanza, fedha zimekwenda. Ofisi ya malazi ya chuo husika iulizwe kwa barua pepe kabla ya kutuma amana.

Mkataba ukishasainiwa na mgogoro umeanza, acha kutafsiri mwenyewe. Mpelekee wakili, shauri la nyumba likishindikana kwa mazungumzo huishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko tafsiri yako ya kalamu haitasaidia. Kama mnataka nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) hutoa huduma ya tafsiri. Hakikisheni kifungu cha mwisho kinasema nakala ya lugha ipi ndiyo itakayofuatwa zikipingana.